Pakiti iliyobaki kwenye droo

Mwanangu wa pili yuko darasa la tatu sasa. Akiniudhi namwita "mtoto wa Krismasi", na baba yake hucheka maana anajua nasema nini. Nilikuwa mwaka wa pili kwenye vidonge vya majira, naapa sijaruka hata kimoja, nikashika mimba. Kwa muda mrefu nikawa nawaambia wenzangu vidonge havifanyi kazi. Nilikuwa nawapotosha, na wapo walionisikiliza.

Ilikuwa hivi. Tunaishi Pasua, hapa Moshi. Desemba, kama mnavyotujua Wachaga, safari ikawa ya nyumbani Rombo. Niliondoka na pakiti inayoishia, imebaki na vile vidonge vya mwisho vya kahawia. Pakiti mpya ikabaki kwenye droo ya kabati, chini ya vitambaa. Tarehe 24 nikameza cha mwisho. Ya 25 nilitakiwa kuanza pakiti mpya, sina. Nikajiambia siku nne si kitu, kwanza si ndiyo nimetoka kwenye siku zangu? Tukarudi tarehe 29, nikaanza usiku uleule, roho nyeupe kabisa.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenifumbua macho, nikiwa tayari na tumbo. Alichukua pakiti tupu mezani akaigeuza. "Mama, hivi saba vya kahawia havina dawa. Ni madini ya chuma, vya kuongeza damu. Vimewekwa ili usipoteze mazoea ya kumeza." Kisha akahesabu kwa ncha ya kalamu: siku saba za kahawia, jumlisha nne za Rombo. Siku 11 bila dawa mwilini.

Dawa yenyewe iko kwenye vile 21 vya mwanzo: vichocheo viwili, estrojeni na projestini. Vinazuia yai lisipevuke na kutoka, na vinaufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu zisipite. Zile siku saba, ovari zinaanza kujinyoosha kama mtu anayeamka. Ukianza pakiti kwa wakati, zinalala tena. Ukichelewa, zinaamka kweli. Kwa hiyo vidonge vibaya zaidi kuvikosa ni vya mwanzo wa pakiti, halafu vile vya wiki ya tatu, kwa kuwa vyote vinairefusha ile nafasi ya siku zisizo na dawa. Mimi niliamini kinyume chake, na nikiongea na akina mama sokoni Mbuyuni naona siko peke yangu.

Sasa ukisahau. Kimoja kisikutoe jasho: kimeze pale pale unapokumbuka, hata ikibidi viwili siku moja, kisha endelea kama kawaida. Vikifika viwili au zaidi mfululizo, meza cha mwisho ulichoruka, vilivyotangulia viache, endelea kila siku, na kwa siku saba tumieni kondomu au kila mtu alale upande wake. Kuchelewa kuanza pakiti kunahesabiwa hivyo hivyo. Kama ni wiki ya kwanza na mmekutana ndani ya siku tano zilizopita, nenda siku hiyo hiyo kaulizie vidonge vya dharura. Kama ni wiki ya tatu, maliza vyenye dawa, vya kahawia vitupe, unganisha na pakiti mpya. Hedhi isipokuja usishtuke. Vya kahawia vyenyewe ukivisahau havina neno, mradi usichelewe kuanza pakiti inayofuata.

Mimi niliviambatanisha na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mlio ule ukilia, mkono unaenda kwenye kabati. Umeme ukikatika nilikuwa nasahau, nikaweka na kengele ya simu. Na pakiti ya akiba hukaa kwenye pochi, si kwenye droo.

Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, meza kingine. Anayetumia dawa za TB zenye rifampisini, au baadhi ya dawa za kifafa, amwambie mtoa huduma mapema, kwa sababu zinapunguza nguvu ya vidonge. Amoksilini ya kikohozi haina ugomvi navyo. Kinga ya Ukimwi na magonjwa ya zinaa hamna humo kabisa.

Kichefuchefu, matiti kuuma na matone ya damu katikati ya mwezi nilivipata vyote. Kwa wengi huisha ndani ya miezi mitatu. Lile la kwamba vidonge vinarundikana tumboni na kuleta ugumba, sijui lilianzia wapi. Vinayeyuka kama kidonge kingine chochote. Na kuhusu ugumba, nami si nimewasimulia? Nilikosa vidonge siku nne, nikapata mtoto.

Nilipojifungua sikurudi kwenye hivi mara moja. Anayenyonyesha husubiri miezi sita, na katikati kuna vidonge vya kichocheo kimoja. Nikarudi baadaye, nikatumia miaka bila tatizo, mpaka mwaka huu, nikiwa na 37, nesi aliponifunga mashine ya presha: 150 kwa 95. Akanikalisha kwenye benchi, akapima tena: 148 kwa 96. "Vidonge hivi basi, mama." Kuanzia 140 kwa 90 havikufai, kwa sababu estrojeni inaweza kupandisha presha na inasaidia damu kuganda. Nilikuwa najisikia mzima, nimetoka kula ndizi. Bila mashine nisingejua, na dukani hakuna aliyewahi kunipima.

Havimfai pia mvutaji wa sigara mwenye miaka 35 na kuendelea, aliyewahi kuganda damu mguuni, kupata kiharusi au saratani ya matiti, wala mwenye ini bovu. Na anayevitumia akiona shavu la mguu mmoja limevimba na kuuma, kifua kinabana, pumzi hazitoshi, kichwa kinapasuka ghafla, au macho hayaoni vizuri, aende hospitali siku hiyo na aseme anameza nini.

Siku hizi nina kitanzi. Pakiti tatu zilibaki. Wifi yangu wa Majengo akazitaka, kwa nini ziozee droo na yeye anazihitaji? Lakini wifi ana kipanda uso, na kabla kichwa hakijaanza huona vimulimuli vinacheza machoni. Mtu wa namna hiyo kwa vidonge hivi anakaribisha kiharusi. Nikamnyima. Alininunia wiki nzima, akasema nina roho mbaya. Jumatatu nikamfuata, tukaenda kliniki pamoja. Ametoka na kijiti mkononi, na bure kabisa.

Zile pakiti nilisema nitazirudisha kliniki. Bado ziko kwenye droo ileile, chini ya vitambaa. Nasahau.