Mjusi anafumba macho chini ya balbu mpya ya UVB: zima kwanza, kisha pima

Mkuu, umeuliza kwa nini mjusi wako mwenye ndevu anafumba macho tangu ulipomwekea balbu mpya ya UVB (aina ya miale ya urujuanimno, yaani UV), na kama umwache azoee. Zima leo. Macho yakivimba, yakitoa machozi na kufumbwa siku moja au mbili baada ya kubadilisha taa, shuku kwamba yameunguzwa na miale, na jeraha la namna hiyo halizoeleki. Siku chache bila UVB hazimdhuru. Mwachie joto na mwanga wa kawaida. Kwa kawaida nafuu huanza kuonekana ndani ya siku chache. Asipofumbua au akigoma kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwa sababu hata mchanga jichoni huleta dalili hizohizo.

Sasa soma maandishi ya balbu. Unayoihitaji hutoa UVB, yaani miale ya nanomita 290 hadi 320, ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D3 na mwili ukaweza kufyonza kalsiamu. Taa za kuua vijidudu hutoa UVC, aina nyingine ya miale ya UV, ya nanomita 254: hizo zisikaribie mnyama wala macho yako. Taa nyeusi za disko nazo hazina UVB ya maana.

Kosa kubwa ninaloliona kwa wafugaji ni kuamini asilimia ya UVB iliyoandikwa kwenye boksi. Asilimia hiyo haikuambii ni kiasi gani kinamfikia mnyama. Kinachohesabika ni fahirisi ya UV, yaani namba ya ukali wa miale, pale mgongoni anapoota joto, na hupimwa kwa kifaa kama Solarmeter 6.5. Kwa mjusi kama wako lenga 3 hadi 4 mahali pa kuotea, ishuke hadi sifuri upande wa kivuli. Geko wa usiku na nyoka wengi wanaojificha hutosheka na chini ya 1. Ikifika 7 au 8, inua taa mara moja. Wanyama wenye ualbino huungua kirahisi zaidi, kwa hiyo wape kidogo sana.

Kama huna mita, fuata jedwali la umbali la mtengenezaji wa taa hiyohiyo. Tyubu ya T5 (saizi nyembamba) ya asilimia 12 yenye kiakisi, bila wavu katikati, anza nayo kwenye sentimita 40 hivi, ukipima kutoka kwenye tyubu hadi mgongoni; usipime hadi sakafuni. Akipanda gogo umbali unapungua, na hapo ndipo wengi huunguza wanyama wao. Wavu hula theluthi hadi nusu ya UVB kutegemea ufumaji wake, kwa hiyo ukiutoa bila kuinua taa, dozi inaruka ghafla. Kioo cha kawaida huzuia karibu UVB yote. Mnyama aliye nyuma yake hapati kitu hata taa ing'ae vipi.

Taa ikae juu, kamwe isikae ubavuni. Paji la mjusi huyakinga macho dhidi ya mwanga wa juu, lakini halizuii unaotoka pembeni. Weka UVB na balbu ya joto upande mmoja, ili akiota apate vyote pamoja. Tyubu ifunike karibu nusu ya urefu wa kizimba. Nusu iliyobaki iwe na maficho ya kweli. Saa 10 hadi 12 kwa siku zinatosha, usiku giza.

Balbu za mvuke wa zebaki zinataka holda ya kauri, zining'inie wima, na zisiunganishwe na dima (kipunguza mwanga) wala thermostati (kidhibiti joto): zikizimika huchukua dakika kadhaa kupoa kabla ya kuwaka tena.

Tyubu huendelea kung'aa wakati UVB imekwisha. T8 (tyubu nene kuliko T5) badilisha baada ya miezi 6 hivi, T5 baada ya mwaka, na uandike tarehe kwenye kitako chake. Kila unapobadilisha, pima upya: tyubu mpya ina nguvu kuliko ile iliyochoka, hata kama ni aina ileile.

Tuandikie aina ya balbu, wati zake, umbali hadi mgongoni na kama kuna wavu, tukusaidie kuipanga kabla hujaiwasha tena.