Maswali ya Wasomaji: Slaidi na Kabrasha Ni Vitu Viwili

SWALI: Mimi ni afisa mipango katika taasisi ya umma. Kila nusu mwaka ninawasilisha taarifa ya utekelezaji mbele ya bodi kwa dakika 20. Mkuu wa idara yangu hutaka kila kilichomo katika taarifa kionekane pia katika slaidi, kwa hiyo slaidi hufika 40, maandishi huwa madogo mno, na wajumbe huishia kuchezea simu zao. Nifanyeje bila kumkaidi? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Mkuu wako ana hoja, ila ameipeleka mahali pasipo pake. Bodi ina haki ya kupata taarifa nzima, lakini taarifa nzima hukaa katika kabrasha, ambalo mjumbe hulisoma kwa kasi yake, akarudi nyuma apendapo na kuweka alama pembeni. Slaidi hupita, tena hupita huku mtu akizungumza, na mjumbe aliyewekewa aya ya mistari kumi hana budi kuchagua ama aisome ama akusikilize, kwa kuwa hakuna awezaye kufuata sentensi mbili tofauti kwa wakati mmoja. Mpelekee mkuu wako vitu viwili: kabrasha lenye kila kitu, litakalowafikia wajumbe siku chache kabla ya kikao, na slaidi 10 au 12 zenye yale tu ambayo bodi inatakiwa kuyahoji au kuyatolea uamuzi. Majedwali mengine yawekwe baada ya slaidi ya mwisho, yafunguliwe tu mjumbe akiyauliza. Akiona kwamba hakuna kilichotupwa, sehemu kubwa ya ubishi itakuwa imekwisha.

Mwaka 2005, mwekezaji Guy Kawasaki wa Marekani aliwashauri waanzilishi wa kampuni wanaotafuta mitaji wasizidishe slaidi 10 na dakika 20, wala wasiandike kwa herufi zilizo chini ya saizi 30. Hesabu ya slaidi si amri, na kwa kikao cha bodi 12 hazina ubaya, lakini shauri la saizi ya herufi ningekusihi ulishike, kwani ndilo litakalokulazimisha kupunguza maneno.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kichwa cha slaidi. Kichwa kama «Idadi ya Watu» hakisemi lolote. Kinamwachia mjumbe kazi ya kutafuta kilichokusudiwa. Andika sentensi inayotoa hoja: «Wakazi wa Dar es Salaam waliongezeka kwa zaidi ya milioni moja kati ya 2012 na 2022», kisha chini yake weka mihimili miwili tu, mmoja wa watu 4,364,541 wa sensa ya 2012 na mwingine wa watu 5,383,728 wa sensa ya 2022. Hata anayefika kikaoni kwa kuchelewa ataelewa. Kichwa kibovu kinaweza kuleta madhara makubwa kuliko usingizi wa wajumbe. Chombo cha anga za juu cha Columbia kilisambaratika tarehe 1 Februari 2003 na kuua wanaanga wote 7, na bodi ya uchunguzi iliikosoa slaidi moja ya wahandisi iliyoandaliwa kabla ya ajali: kichwa chake kilituliza nyoyo, ilhali maelezo kwamba kipande cha povu kilichogonga bawa chombo kiliporuka kilikuwa kikubwa mno kuliko vile vilivyowahi kujaribiwa yalizikwa chini kabisa.

Slaidi ya kuorodhesha mgeni rasmi na waheshimiwa wote iondoe. «Itifaki imezingatiwa» hutamkwa kwa mdomo. Ile ya «Asanteni kwa kunisikiliza» nayo haina kazi, maana hubaki ukutani muda wote wa maswali, wakati ambapo wajumbe wangefaidika zaidi kwa kuyatazama maamuzi unayoyaomba.

SWALI: Ninajiandaa kutetea tasnifu ya uzamili. Nina chati nyingi za duara zenye rangi za kuvutia, lakini msimamizi wangu anasema hazisomeki. Kosa liko wapi? (Mwanafunzi, Ubungo)

JIBU: Liko katika duara lenyewe. Watafiti William Cleveland na Robert McGill walionyesha mwaka 1984 kwamba jicho hulinganisha vitu vilivyopangwa juu ya mstari mmoja kwa usahihi zaidi kuliko linavyolinganisha pembe. Ukigawa duara kwa wilaya tano za Dar es Salaam, mtahini atapata shida kutambua ipi kati ya mbili zinazokaribiana ndiyo kubwa. Ukitumia mihimili iliyopangwa kuanzia mrefu hadi mfupi, hataulizia. Usiipe chati unene wa kubuni, kwani hupotosha vipimo. Usitofautishe mambo kwa nyekundu na kijani peke yake, kwa kuwa wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayazitenganishi rangi hizo. Majedwali uliyoyatoa katika programu ya takwimu usiyabandike yalivyo. Chukua mistari miwili au mitatu inayojibu swali la utafiti.

Kupima kama slaidi inasomeka si kazi ngumu. Tuseme skrini ya ukumbini ina upana wa mita 2.4 na kioo cha kompyuta yako kina sentimita 30, yaani skrini ni kubwa mara nane. Kama kiti cha mwisho kiko mita 16 kutoka mbele, simama mita 2 kutoka kwenye kompyuta yako: usichokisoma hapo, mtahini wa nyuma naye hatakisoma.

SWALI: Ninawafundisha wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo utunzaji wa hesabu. Slaidi nilizopewa na wafadhili ni za Kiingereza, nami huzungumza Kiswahili. Je, kuna ubaya? (Mkufunzi, Ilala)

JIBU: Upo. Unawataka wasome lugha moja na kusikiliza nyingine, na atakayeelemewa zaidi ni yule ambaye mafunzo yaliletwa kwa ajili yake. Mtaji, mauzo, deni na faida ni maneno wanayoyatumia kila siku. Yaandike hivyo, na nakala ya Kiingereza ibaki katika faili la wafadhili.

Kwa kuwa kumbi nyingi za mafunzo hufunguliwa madirisha mchana kwa sababu ya joto, tumia maandishi meusi juu ya nyeupe; maandishi meupe juu ya rangi nzito hufifia mwanga wa jua ukiingia. Hifadhi pia nakala ya PDF katika flashi, ili fonti zisibadilike ukilazimika kutumia kompyuta ya mwenyeji. Mfano wa daftari la mauzo uchore mapema katika karatasi kubwa ya kubandika ukutani, ili umeme ukikatika somo liendelee.