Sambusa za shughuli: maswali yenu na majibu yangu

Haya jamani, msimu wa shughuli ndo huu, kitchen party, send-off, arobaini ya mtoto, na kila mwenye shughuli anataka sambusa mezani, sasa maswali yamerundikana mpaka nimeona niyajibu kwa mkupuo. Nawaambia mapema, maswali mengi humu jawabu lake ni moja tu, nalo ni maji. Sambusa haitaki maji, iwe kwenye nyama, kwenye kitunguu, kwenye kotmiri au kwenye hotpoti. Mengine yote yanarekebishika.

Anti shikamoo. Sambusa zangu zikitoka kwenye mafuta zinakuwa kavu vizuri, wageni wakifika nazikuta zimelegea tepetepe na ndani zimejaa mafuta. Nakosea wapi? (Tabata, Dar)

Marahaba mwanangu. Tuanze na nyama, maana naona wengi mnaipika kama mchuzi alafu mnaichuja, hapana. Nyama ya kusaga iingie kwenye sufuria kavu, bila maji wala mafuta, na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu, moto uwe mkubwa, na wewe usitoke hapo, uwe unaivunjavunja na mwiko isigande mabonge. Itatoa maji yenyewe, mengi tu, usiogope, acha yakauke yote mpaka uanze kusikia inalia chini ya sufuria, cha cha cha, hapo ndo unatia bizari nyembamba na pilipili manga, unageuza kidogo unaepua. Na buchani umwambie akusagie steki isiyo na mafuta mengi, kwa sababu mafuta ya nyama yakishapoa yanaganda humo ndani, ukizikaanga yanayeyuka yanatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye pembe ulizobandika kwa shida.

Kitunguu maji sasa. Hiki hakipikwi na nyama. Kikate kidogo kidogo, kiweke kwenye kitambaa safi ukikamue kwa nguvu, na kitie nyama ikiwa IMEPOA KABISA, sio vuguvugu. Ukikitia kwenye nyama ya moto yenye chumvi kinaanza kutoa maji palepale na kazi yote ya kukausha nyama imeenda bure. Kotmiri hivohivo (wa bara mnaita giligilani, Kenya dania), ioshe asubuhi uitandaze ikauke ndo uikate.

Alafu hotpoti, hiyo ndo inayokulegezea. Sambusa ya moto inatoa mvuke, ukiifunikia mvuke unageuka maji unairudia mwenyewe. Zikitoka kwenye mafuta zisimamishe kwenye chujio kubwa la waya, zisilale juu ya tishu zikapandana, zikae zipumue dakika kumi hivi. Zikishatulia ndo unaziweka kwenye hotpoti yenye tishu chini, na mfuniko uuache wazi kidogo. Kama una oveni, moto mdogo wa nyuzi 100, hazifunikwi, zinasubiri wageni bila kununa.

Dada, nina wageni 60, kutakuwa na pilau baadaye. Ninunue nyama kilo ngapi na unga kiasi gani? (Tanga)

Piga tatu kila mtu ni 180, weka na za watoto wanaopita jikoni na shemeji anayeonja, 200. Kwa saizi ya kawaida hizo zinataka nyama kilo 4, kitunguu maji kilo 2 na nusu, unga kilo 2 na nusu maana nusu kilo itaishia kwenye kunyunyiza na kutengenezea uji wa kubandikia. Mafuta ya kukaangia nunua lita 3, hayataisha yote lakini kikaangio lazima kijae mpaka sambusa zielee. Wageni wenyewe kama ni watu wa pilau kwelikweli basi mbilimbili zinatosha, wasije wakashiba kabla ya sinia.

Huku Mwanza sipati manda (zile ngozi za kufungia sambusa) za kununua. Nimejaribu kusukuma moja moja zinatoka nene kama chapati. Nifanyeje?

Wa Unguja na Mombasa wanadekezwa, Ramadhani ikikaribia manda zinauzwa kila kona, we huku Mwanza itabidi utoe jasho, lakini sio kazi ya kutisha. Siri ni kwamba manda hazisukumwi moja moja, zinasukumwa kwa mpango, zimepandana.

Unga wa ngano kilo 1, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula, maji ya uvuguvugu karibu nusu lita lakini tia kidogo kidogo, na donge liwe gumu kuliko la chapati. Funika lipumzike nusu saa. Ligawe madonge 24. Kila moja lisukume lifike ukubwa wa kisosa, paka mafuta juu mpaka ukingoni, hasa ukingoni, kwa sababu ndo panaposhikana, nyunyizia unga mkavu, bandika la pili juu yake, paka, nyunyiza, la tatu, kisha la nne hilo la juu huli­paki kitu. Gandamiza kidogo kwa kiganja, sasa sukuma zote nne kwa pamoja mpaka zifike ukubwa wa sahani kubwa ya wali, ukiwa unageuza kibao na unageuza na mkate wenyewe, wa chini uje juu, la sivyo wa juu unatanuka peke yake.

Chuma cha chapati kiwe na moto mdogo, bila mafuta. Weka, sekunde chache tu, ukiona rangi ya unga mbichi imepotea geuza, na hapohapo ule uliokuwa chini umeshashika, unaanza kuuchambua pembeni kwa ncha za vidole, unatoka kama karatasi. Geuza tena, chambua wa pili, hivohivo. Usisubiri madoa ya kahawia, manda yenye madoa imekauka, ukiikunja inavunjika. Kata kila duara vipande vinne, kilo moja ya unga inakupa karibu mia. Na kila unayoitoa iingie ndani ya kitambaa chenye unyevu kidogo, nasema kidogo, sio kitambaa kinachotiririka, maana zikilowa zinashikana zote unapata donge ulilotoka nalo.

Ukiwa peke yako usianze kusukuma na kukunja siku moja. Leo manda, zifunge kwenye mfuko zilale kwenye friji, kesho kujaza.

Zangu zinafunguka kwenye mafuta, nyama yote inamwagika mafuta yanakuwa meusi. Shoga nisaidie.

Shoga, nakuuliza, unabandika kwa kitu gani? Kama ni maji matupu hapo umeshapata jibu. Chukua unga vijiko vitatu, maji kidogo, koroga upate uji mzito unaonata kidoleni. Shika kipande chako, upande wa mviringo uwe juu, leta pembe moja katikati, paka uji, leta ya pili uipandishe juu ya ile ya kwanza, bonyeza, umepata kikoni. Hapo kabla hujaweka nyama, kinyanyue kwenye mwanga uchungulie ncha ya chini. Ukiona tundu hata la sindano, hapo ndo mafuta yatapoingilia, rudisha ukibane na uji kidogo. Watu wanahangaika na mdomo wa juu kumbe sambusa inavujia chini.

Jaza lakini usishindilie, acha nafasi ya kidole hapo juu, paka uji ukingo wote, funga, bonyeza pembe zote tatu. Na ukimaliza zipange, uji ukauke kidogo kabla ya kukaanga.

Mafuta yawe na moto wa wastani. Dondosha kipande cha manda, kikizama alafu kikapanda polepole na povu ndogondogo, twende. Kikiwa cha kahawia papo hapo, punguza moto usubiri, kwa sababu moto mkali ndo unaoleta yale malengelenge juu ya ngozi, na nje inaiva wakati kitunguu ndani bado kibichi. Na usizijaze zote kwa mara moja, mafuta yanapoa, sambusa zinaanza kuyanywa.

Shughuli ni Jumamosi, mie naajiriwa natoka kazini saa kumi na moja. Naweza kuzitengeneza mapema nikaweka kwenye friza? Umeme huku unakatika katika. (Mbagala)

Unaweza, tena ndo inavotakiwa, mwenye shughuli anayekunja sambusa asubuhi ya shughuli anajitafutia presha. Zigandishe zikiwa MBICHI, zipange kwenye trei zisigusane, zikishakuwa ngumu ndo uzimimine kwenye mfuko. Ukizirundika kabla hazijaganda zinashikana ngozi, kuzitenganisha ni kuzichana.

Siku ya kukaanga usiziyeyushe. Zitoke kwenye friza ziingie moja kwa moja kwenye mafuta ya moto wa wastani, chache chache, zipe muda zaidi kidogo. Ukiziacha mezani ziyeyuke manda inalowa na umerudi kwenye lile swali la mwanzo.

Kuhusu umeme, friza iliyojaa ikiwa haifunguliwi funguliwi inashikilia baridi muda mrefu, kwa hiyo wakatazeni watoto na barafu zao. Ukikuta zimelainika lakini bado zina baridi ya friji, zikaange siku hiyohiyo. Zikiwa zimepata joto la chumba na hujui zimekaa hivo saa ngapi, tupa, mimi sina huruma kwenye nyama ya kusaga. Na zile zilizokaangwa zisikae mezani zaidi ya saa mbili kwenye joto la Dar, bora ukaange kwa awamu.

Anti, niko Muscat, watoto wamenunua eafraya (air fryer, kile chombo cha kukaangia kwa hewa ya moto) na hawataki mafuta. Sambusa zinakubali humo?

Zinakubali, ila usitegemee ladha ileile mamangu, tusidanganyane. Manda bila mafuta inakauka tu, haifanyi ile ngozi ya kupasuka kwa raha. Zipake mafuta kwa brashi pande zote, pembeni usisahau, nyuzi 180 mpaka 190, dakika 12 hadi 15, ugeuze katikati. Rangi itatoka na mabaka. Mimi kwa wageni ningekaanga, eafraya ningeiachia kupashia za jana, hapo inafanya kazi nzuri kuliko kitu chochote ndani ya nyumba.

Kuna wageni hawali nyama. Nisiwape viazi tupu, nataka kitu cha maana.

Viazi sio vibaya, vibaya ni viazi vilivyopondwa na chumvi basi. Vikate vipande vidogo sana, vichemshe visivunjike, alafu kaanga bizari nyembamba na mbegu za haradali kwenye mafuta kijiko kimoja, tia njegere, pilipili mbichi, manjano kidogo, ndimu. Dengu nazipenda zaidi, ziloweke, zichemshe ziive lakini zibaki nzima, zikaushe kama nyama. Kabichi na karoti zinatoa maji mno, zikate nyembamba, nyunyiza chumvi, subiri robo saa ukamue. Kama wanakula samaki, jodari aliyechemshwa na ndimu, ukamchambua miba, na kotmiri nyingi, hiyo sambusa ikifika mezani wala nyama wanaihamia.

Ila tafadhali msichanganye, viazi ndani ya sambusa ya nyama ili iongezeke. Mgeni anajua. Bora utengeneze chache.

Na za mboga zikunje umbo jingine, mstatili kwa mfano, watu wasianze kuzipasua kuangalia ndani.

Wifi yangu anasema sambusa ni ya Waarabu, mimi nasema ya Wahindi. Nani kashinda?

Hakuna. Kitu hiki kinatajwa huko Uajemi na nchi za Waarabu zamani sana, kikaenda India kikashamiri. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, aliikuta kwenye meza ya sultani wa Delhi karne ya 14, nyama iliyokatwakatwa na lozi, pista, vitunguu na viungo ndani ya mkate mwembamba, imekaangwa kwa samli. Huyohuyo alipita pwani yetu mwaka 1331, akafika Mombasa na Kilwa, na kule Mogadishu alikopewa chakula kingi anaelezea wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, sambusa hazitaji. Mwambie wifi yako mle tu.

Mimi ni mwanaume naishi peke yangu, nina chapati za jana. Zinafaa kuwa manda?

Kaka, hapana. Chapati ina mafuta ndani na ni nene, haibandiki. Kama uvivu umekushika nunua karatasi za spring roll supamaketi, zikate mistari mirefu mitatu, kunja pembetatu ukizungusha mpaka mwisho, zinakuwa laini kuliko manda na zinaiva haraka kwa hiyo usitoe jicho kwenye mafuta. Chapati zako kula na chai.

Nikikata manda napata vipande vya pembeni vingi vimevunjika vunjika. Ni vya kutupa?

Nani katupa? Vikate vidogo, vikaange mafuta yakishamaliza sambusa, nyunyizia chumvi na pilipili ya unga na ndimu wakati bado vya moto, weka kwenye bakuli jikoni. Wanaokusaidia kukunja watavimaliza kabla wageni hawajafika.