Kuanza treki dei Uingereza: turbo iache kwanza, anza na breki na mwalimu

Mkuu, umesema umehamia Milton Keynes, una Mazda MX-5 ya 2001, unataka kuanza kwenda nayo treki dei, yaani zile siku watu wa kawaida wanaendesha gari zao kwenye uwanja wa mbio, na maswali yako ni matatu: ufunge turbo kwanza au la, uende shule au uingie moja kwa moja, na kama bima yako ya kawaida inakulinda. Nianze na turbo maana hapo ndo wengi wanachoma hela.

Usifunge. Kwa sasa usifunge kabisa. Hiyo gari ina uzito wa kama tani moja hivi, tairi za nyuma ndo zinasukuma, usukani unakupa habari zote za tairi za mbele, yaani watu wanazunguka kutafuta gari ya kujifunzia ya aina hiyo na wewe tayari unayo nje ya nyumba. Ukiongeza nguvu maana yake unafika kwenye kona na spidi kubwa zaidi halafu breki ni zile zile, na spidi ikizidi mara mbili kazi ya breki inazidi mara nne, so hela yako ya turbo yote inaenda kuwa joto kwenye diski. Ndo maana nasema kila siku, breki kwanza.

Na kwenye breki sizungumzii zile kaliper kubwa za rangi. Nazungumzia mafuta ya breki. DOT 4, yaani daraja la kawaida la mafuta ya breki, ikiwa mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 230 kabla haijachemka, lakini mafuta haya yananyonya unyevu wa hewani taratibu hata gari ikiwa imepaki, na yakishanyonya kiwango kinachotakiwa kinashuka mpaka 155. Barabarani unaweza ukakaa miaka hujui. Treki utajua ndani ya mizunguko michache: pedali inaanza kuwa laini, unakanyaga inaenda chini zaidi, halafu inazama mpaka sakafuni, kwa sababu mafuta yamechemka yametoa mapovu na mapovu yanabanika, nguvu ya mguu wako haifiki kwenye pedi. Hilo likikukuta mwisho wa sehemu iliyonyooka unakula mzinga. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe mwambie fundi amwage mafuta yote ya zamani, aweke mapya ya DOT 4 au 5.1, atoe hewa iliyobaki kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne, na pedi ziwe na nyama ya kutosha. Pia mzunguko wako wa mwisho kila mara uwe wa taratibu, breki uziguse kidogo sana zipate hewa, na ukishapaki usivute hendibreki, acha gari kwenye gia tu.

Tairi nzima zinatosha, hazihitaji kuwa za mashindano. Ila beba geji ya upepo, maana zikipata moto upepo unapanda na gari inaanza kuteleza ambapo asubuhi ilikuwa imeshika vizuri. Pima zikiwa za moto, punguza, rudi treki. Na nati za tairi zikaze upya mchana, watu wanasahau sana hili.

Sasa shule. Hapa kuna vitu viwili vinauzwa kwa majina yanayofanana. Kuna zile vocha za zawadi, unaendeshea Ferrari mizunguko kadhaa, unapigwa picha, unarudi nyumbani. Nzuri kwa birthday, lakini udereva hujifunzi, gari si yako na muda hautoshi. Kitu cha pili ni kufundishwa kweli, na hapa tafuta mwalimu mwenye leseni ya ARDS, ndo chama cha shule za madereva wa mbio Uingereza, na ndo hao hao wanaosimamia mtihani wa mtu anayetaka leseni ya kushindana. Kwenye treki dei nyingi unaweza ukamwandikisha mwalimu asubuhi ile ile, anakaa pembeni yako ndani ya gari yako, kama dakika 20 hivi. Kwa bei yake hakuna kifaa utakachofunga kwenye gari kikakupa faida kama hiyo, na hili nalisema kwa uhakika wote.

Mi nilimchukua mwalimu kwenye uwanja wa Brands Hatch, treki fupi ile ya Indy, kama kilomita 1.9 tu. Kona ya kwanza inaitwa Paddock Hill, ya kulia, unaifikia ukiwa juu ya kilima, huoni inakoelekea, halafu barabara inadondoka chini ghafla na kupanda tena kwenda kona inayofuata, Druids. Macho yangu yalikuwa yanang'ang'ania lami iliyo mbele ya boneti. Yule mzee hakunigusia spidi hata kidogo, alichofanya ni kunyoosha mkono na kuonyesha kule ninakotaka kwenda, kila kona, kabla hata sijakata usukani. Tazama kule. Tazama kule. Ukitazama mbali mikono inatulia yenyewe, breki unaimaliza mapema gari ikiwa imenyooka, na pale chini bondeni gari inapojibana na kushika lami unahisi kwenye kiti kabisa kwamba sasa unaweza kukanyaga mafuta. Ile hisia ndo iliyonifanya nisiache huu mchezo.

Ukiwa na bajeti zaidi tafuta sehemu ya kujifunzia gari inapoteleza. Kituo cha Porsche pale Silverstone, kilichofunguliwa 2008, kina bamba la chuma linalorusha matako ya gari pembeni unapolipita, na kilima chenye utelezi kinachomwagiwa maji. Magari ni yao. Unajifunza kushika gari inayoserereka bila kuwepo ukuta karibu, na hiyo itakusaidia hata barabarani kwenye barafu ya Januari.

Bima: chukulia kwamba haikulindi. Sera nyingi za kawaida zinakataa waziwazi treki, kwa hiyo soma yako, na kuna bima za siku moja zinazouzwa kwa ajili hii. Ukigonga, gari ni juu yako, na ukiharibu vyuma vya pembeni wenye uwanja wanaweza kukuletea bili. Leseni ya nyumbani unaruhusiwa kuitumia hapa miezi 12 tangu uhamie, baada ya hapo ya Tanzania au Kenya haibadilishwi kirahisi, inabidi ufanye mtihani wa hapa, na waandaaji wanataka leseni kamili iliyo hai asubuhi ya siku hiyo, hapo hawana mjadala.

Usipeleke saa ya kupima muda. Treki dei sio mashindano, kupimana ni marufuku na kunaweza kukuvuruga na bima pia. Kuovateki ni kwenye sehemu zilizonyooka tu, upande watakaoutaja kwenye maelezo ya asubuhi, na mpaka wa mbele akuashirie. Ukiona gari kwenye kioo mpe nafasi, wala si aibu. Bendera nyekundu maana yake wote punguzeni mrudi piti, pale magari yanapotokea kuingia treki, nyeusi ukionyeshwa wewe ni wewe peke yako unaitwa.

Kwa ulipo ningeanzia Bedford Autodrome, si mbali na Milton Keynes, ilijengwa kwenye uwanja wa zamani wa ndege pale Thurleigh, ukitoka nje ya lami unakutana na nafasi kubwa sana kabla ya kitu chochote kigumu. Ila wanabana kelele kwa ajili ya vijiji vya jirani, wanaweka kipima sauti nusu mita kutoka kwenye eksozi huku unapandisha injini, ukizidi huingii na hela hairudi, so hiyo eksozi ya kelele uliyosema umenunua iache kwenye boksi. Chagua siku yenye makundi ya wanaoanza, sio ile ya kuingia na kutoka muda wowote. Na kwa vile gari yako ni ya wazi waulize mapema kama wanadai roli baa, ile fremu ya chuma inayokulinda kichwa gari ikipinduka, waandaaji wengine wanadai, na kuifunga kunachukua wikiendi nzima ya fundi.