Kijana wa miaka 16 amekataa shule: yaliyonikuta na mpwa wangu

Asalaam aleikum dadangu wa Kisauni. Umeandika kwamba mwanao, miaka 16, kidato cha tatu, hajarudi shule tangu likizo ya Aprili. Anashinda steji ya matatu na manamba, wale wapiga debe, na babake anataka kumtoa nyumbani. Nakuomba hilo la kumtoa mlizuie kwanza. Kijana akishalala nje, kumrudisha ni kazi nyingine kabisa.

Mpwa wangu aliacha shule kidato cha pili, dada yangu akamleta kwangu Magongo. Mwezi mzima nilimhutubia kila baada ya isha. Anainama, ananyamaza, na alfajiri ameshaondoka kwenda kupakua magunia sokoni Kongowea. Jioni moja mke wangu, akimwekea viazi karai, alimuuliza jambo ambalo mimi sikuwahi kuliuliza: siku yako ya mwisho shuleni ilikuwaje? Akaeleza. Majina ya wenye salio la ada yalisomwa gwaride, na la kwake lilikuwemo, mara ya tatu muhula huo. Mbele ya wasichana wa darasa lake. Masomo hayakuwa yamemshinda. Aliona haya, na hakuna mtu mzima aliyejua.

Shule ile alikataa katakata, nami nikaacha kumlazimisha. Mimi ni fundi wa friji na AC, nikawa natoka naye. Siku moja tulitengeneza mashine za hoteli moja Shanzu, wakazipenda, wakataka kutupa kazi ya mwaka mzima. Wakauliza vyeti. Sikuwa nacho hata kimoja, kazi nilifunzwa na marehemu baba. Akapewa mwingine. Tukirudi kwenye tuktuk kijana akaniuliza, "Mjomba, hicho cheti hupatikana wapi?"

Tulijiandikisha pamoja mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, daraja la tatu, ambao hauulizi KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Yeye 17, mimi 38. Usiku alinisomea nadharia, kwa sababu Kiingereza changu ni kizito, na mimi nikamshika mkono kwenye kuchomelea mabomba ya shaba. Hapo ndipo nilipomwona tena mwanafunzi. Alikuwa ananifundisha mimi, na alikuwa anajivunia. Tulipita sote wawili.

Baadaye, bila kusukumwa, alifanya KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, akapata D+. Watu wa mtaani walimwambia alama hiyo haina maana. Wamekosea: D inakuingiza kozi ya cheti, na diploma ni C-. Hata mwenye E ana kozi za ufundi za ngazi ya chini. Sasa yuko Kenya Coast National Polytechnic, hapo hapo kwenu Kisauni.

Kwa hivyo muulize mwanao siku ya mwisho ilikuwaje, mkiwa wawili tu, babake asiwepo. Ikiwa ni ada, nenda wewe kwa mwalimu mkuu mpatane kulipa kidogo kidogo, na uchukue fomu za basari za kaunti na za CDF, mfuko wa eneobunge. Mtoto asitumwe na fomu hizo. Ikiwa ni masomo yenyewe, kuna vyuo vya ufundi vya kaunti. Mpeleke akavione kwa macho, asikie mashine zikinguruma, achague mwenyewe. Ukimchagulia wewe atatoroka na huko.

Kuhusu steji, mwambie ukweli bila kumtisha. Kitambulisho ni miaka 18, na leseni ya pikipiki vilevile. Miaka miwili hii atafanya kazi ya watu wanaojua ni vigumu kwake kuwashtaki wakimdhulumu. Na muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, iko pale pale, unajua.

Mimi niko kibandani kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Akitaka kushika spana wiki moja aone, niandikie kando, mlete.