Usikimbilie siti nene

Mkuu, hiyo siti nene ya sponji ya baiskeli uliyoiona Majengo, hapa Dodoma, iache kwanza. Unasema ukiendesha, ukifika Ihumwa tu unakufa ganzi katikati ya mapaja. Hapo mishipa inabanwa, na sponji nene inaweza kuzidisha: mifupa ya makalio inazama, sponji inapanda katikati na kukubana palepale.

Jipime nyumbani upana wa hiyo mifupa ya makalio. Weka kipande cha boksi kwenye ngazi, kikalie dakika moja umeinama kama umeshika usukani, kisha papasa utaona vishimo viwili. Pima kutoka katikati ya kimoja hadi cha pili, ongeza sentimita 2 hadi 3. Mimi nilipata 12, nikachukua siti ya 14.5, ngumu kiasi, yenye mfereji katikati. Ya mtumba, wala si ya bei.

Pua ya siti, yaani ncha ya mbele, iwe sawa na ardhi. Yangu fundi aliinyanyua kidogo tu, nikaenda Chamwino na kurudi natembea kama kijana aliyetoka jandoni.

Na chini ya bukta ya baiskeli usivae chupi. Ule mshono ukichanganyika na jasho unachubua vibaya.