Mimi ndiye mwembamba, na kolesteroli ikawa yangu

Shemeji yangu ana kitambi. Sisemi kwa dharau, mwenyewe hukipigapiga kila akimaliza kula na kukiita "akiba ya uzeeni". Saa nne usiku utamkuta kwenye chipsi mayai, na sijawahi kumwona akikimbia hata basi linapomwacha. Mimi nina kilo 62, naenda shuleni ninakofundisha kwa miguu kila asubuhi, sivuti, sinywi. Kwa hiyo siku ofisi yao ilipomtaka akapime afya nami nikamsindikiza na kupima vilevile, nilishajua ni nani atakayerudi nyumbani na mawaidha.

Karatasi zikatoka. LDL yake, yaani ile kolesteroli mbaya, 2.7. Yangu 4.6, na pembeni kimewekwa kinyota cha kuonya.

Nilirudi dirishani kumwuliza binti wa maabara kama hakuchanganya majina. Hakukasirika. Akachukua kichupa changu, akanigeuzia nisome namba iliyobandikwa, kisha akainua karatasi niisome namba ileile. "Ni yako, mwalimu." Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo ameniita Bwana Mafuta, na sina la kumjibu.

Nilikuwa na miaka 41. Sasa nina 44, na haya ndiyo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Kolesteroli nyingi iliyomo kwenye damu haitoki moja kwa moja kwenye sahani. Mwili wenyewe huitengeneza, na ini ndilo linaloamua ibaki kiasi gani. Seli za ini zina kama vikono juu yake, na vikono hivyo hunasa chembe za LDL zinazopita kwenye damu na kuziingiza ndani zikavunjwe. Mwenye vikono vingi damu yake husafishika upesi. Mwenye vichache, LDL inazunguka siku nyingi, na kadiri inavyozunguka ndivyo inavyojipenyeza kwenye kuta za mishipa. Wagunduzi wa vikono hivyo, Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kasi ya ini lako umeirithi kwa sehemu kubwa. Kiuno chako hakisemi lolote la uhakika kuhusu hilo.

Daktari niliyempelekea karatasi hakuanza na chakula. Aliuliza kuhusu baba. Nikamwambia alifariki ghafla akiwa na miaka 49, alfajiri, anafunga kamba za viatu aende kazini. Msibani ilisemwa ni mambo ya kiwanja, kwamba kuna jirani alimtupia kitu. Daktari akaandika "49" akaizungushia duara. Akaniambia niende kwa wazee wa upande wa baba nikaulize, na akanipa maelekezo ambayo nayaona ya thamani kuliko dawa: "Usiwaulize marehemu alikufa na nini. Hawajui, au watakwambia presha, au watakwambia uchawi. Uliza alikuwa na umri gani, na alikuwa anafanya nini dakika ile."

Basi nikapanda basi kwenda Tanga kwa shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda, hawakupikii huko?"

Tulikaa barazani mpaka adhuhuri. Hakumbuki miaka kwa tarakimu, lakini anakumbuka nani alikuwa ameshaoza binti, nani alikuwa hajatia mvi. Baba mdogo alianguka shambani akipanda ngazi ya mnazi, mwanawe wa kwanza ndiyo kwanza ameanza darasa la saba. Nikapiga hesabu, haifiki 50. Babu alishika kifua akiwa msikitini. Huyo alikuwa mzee. Kaka yao mkubwa yuko hai mpaka leo, ana miaka 80 na ushee na anakula samli kwa kijiko. Kwa madaktari, baba au kaka aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya 55, au mama au dada kabla ya 65, ni alama ya kuangaliwa. Nilikuwa nayo tangu nikiwa mtoto, nimeiita kiwanja.

Kabla sijaondoka nikamwomba shangazi nimshike visigino. Akadhani nimerukwa na akili. Daktari alikuwa ametaka nitazame ile kano nene ya nyuma ya kisigino kama ina vinundu vigumu, kwa sababu kuna watu waliorithi hitilafu moja kubwa ya jeni, kiasi cha mmoja kati ya 250 au 300 duniani, ambao LDL yao huwa juu tangu kuzaliwa, mara nyingi kupita 5, na wengine mafuta hujikusanya hapo. Kisigino cha shangazi kilikuwa na magaga tu.

Kwa hiyo mimi huenda si wa kundi hilo. Daktari akanieleza kundi la pili, lenye watu wengi zaidi, na akatumia mfano ambao Mtanzania yeyote ataushika: mchango wa harusi. Kuna harusi inayobebwa na mjomba mmoja tajiri. Hiyo ndiyo jeni moja yenye hitilafu kubwa. Na kuna harusi yetu sisi, watu mia mbili kila mmoja na elfu tano yake, hakuna anayetamba, lakini mwisho wa siku ukumbi umelipiwa. Tofauti ndogo ndogo za vinasaba, zile ambazo mimi ninazo na wewe unazo na hazina jina la ugonjwa, kila moja inapandisha au kushusha LDL kidogo sana. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliokusanya watu milioni 1.65 na kukuta mamia ya sehemu za namna hiyo kwenye vinasaba. Chache zina nguvu kuliko nyingine. Jeni ya APOE, kwa mfano, ina aina tatu kuu, ziitwazo 2, 3 na 4, na ile ya 4 inapandisha LDL, ya 2 inashusha. Mimi nimekusanya michango mingi upande mbaya. Shemeji kakusanya upande mzuri, na hana habari.

Kuna kisa kimoja kilichonifanya niache kuona jambo hili kama bahati mbaya tu. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walikuta jeni iitwayo PCSK9 ikizidi nguvu katika familia zenye kolesteroli ya juu. Protini yake kazi yake ni kuviondoa vile vikono vya ini. Huko huko Dallas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen wakajiuliza kinyume chake: je, wapo watu ambao jeni hiyo imekufa? Wakawapata. Kiasi cha asilimia 2 ya Wamarekani weusi walikuwa na nakala moja isiyofanya kazi, na LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28. Walipofuatiliwa miaka 15, ugonjwa wa moyo kwao ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Wengi wao walikuwa na presha, wengine sukari, wengine wavutaji. Baadaye mojawapo ya tofauti hizo ikakutwa Zimbabwe, na msichana mmoja huko alikuwa na nakala zote mbili zilizokufa: LDL yake ilikuwa 0.4, mzima wa afya.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Asilimia 28 si nyingi, vidonge vinashusha zaidi. Lakini hao walikuwa pungufu tangu tumboni mwa mama. Mishipa inahesabu miaka kama mama mwenye nyumba anavyohesabu kodi, mwezi juu ya mwezi. Ndiyo maana nawaambia walimu wenzangu wenye miaka 30 wasisubiri kifua kiwabane. Kipimo cha mafuta ya damu kiliniondolea fedha isiyozidi nauli ya kwenda Tanga na kurudi.

Na vipimo vya vinasaba vinavyouzwa mtandaoni, unatema mate kwenye kichupa unatuma Ulaya? Mimi sijanunua na sikushauri. Alama za hatari wanazokupa, zinazojumlisha ile michango midogo midogo ya jeni, zimejengwa zaidi kwa damu za Wazungu. Watafiti walipojaribu alama za kolesteroli barani kwetu, zilizofanya kazi vizuri kwa Wazulu wa Afrika Kusini zilikaribia kutosema chochote Uganda. Waafrika wanatofautiana vinasaba wao kwa wao kuliko watu wa bara lolote. LDL kwenye karatasi ya maabara tayari ni jumla ya michango yote, ya jeni na ya sufuria. Ukiwa na fedha ya ziada na maabara inayokipima, omba kipimo cha lipoprotini(a), chembe nyingine ya mafuta kwenye damu inayofanana na LDL. Hicho kinaendeshwa na jeni karibu chote, sisi weusi kwa wastani tunacho cha juu, na kwa walio wengi kupima mara moja maishani kunatosha.

Nikifika hapa lazima atokee mtu aseme: mbona Wamasai? Ni kweli. Mwaka 1964 Mmarekani George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa wanaume 400 wa Kimasai wa Tanganyika, watu wa maziwa na nyama, na kolesteroli yao ilikuwa chini. Lakini wengi hawasimulii sehemu ya pili. Mwaka 1972 Mann huyohuyo alitoa matokeo ya kuchunguza mioyo ya Wamasai 50 waliofariki: mafuta kwenye kuta za mishipa yalikuwepo, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, na damu ikapita. Walikuwa wanatembea kutwa. Wewe na mimi tunatembea mpaka kituoni.

Chakula nilibadilisha, kwa miezi mitatu. Tui zito nikaliacha kwa siku za wageni, samli nikaaga. Hata kahawa ya kijiweni niliipunguza, maana kahawa inayochemshwa bila kuchujwa kwa karatasi ina mafuta yake yanayopandisha LDL. Hiyo iliniuma kuliko samli. Nikapima: 4.2. Daktari akasema chakula kimefanya kazi yake, sasa kilichobaki ni cha baba yako. Akaniandikia atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli ya jamii ya statini, kidonge kimoja usiku. Ikashuka hadi 2.4.

Hapo nikafanya upumbavu. Muuzaji mmoja wa dawa za asili alinihakikishia kwamba vidonge vinaharibu ini na kwamba kitunguu saumu na ndimu vinatosha. Nikaacha vidonge kimya kimya, nikanuka saumu darasani miezi mitatu. Kipimo: 4.3. Daktari hakunigombeza. Aliweka karatasi zote nne mezani kwa mpangilio, akaniacha nizisome mwenyewe. Wapo wanaopata maumivu ya misuli kwa statini, na wakiwepo dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Mimi sikuwa na maumivu yoyote, nilikuwa na maneno ya mtu tu.

Wanaokata tamaa kwa kuwa "ni ya ukoo" nawapa namba moja: katika utafiti wa mwaka 2016, wenye jeni mbaya zaidi ambao walitimiza angalau mambo matatu kati ya manne, yaani kutovuta, kutonenepa sana, kufanya mazoezi na kula vizuri, walikuwa na hatari ya moyo pungufu karibu nusu kuliko wenye jeni kama zao walioishi ovyo.

Watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawagawiwi sawa. Kila mmoja anachota nusu kwa kila mzazi, na kuchota ni bahati. Kwa hiyo niliweka karatasi yangu kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, na maelezo. Dada alipima wiki ileile: 2.9, akatuma na vikatuni vya kucheza ngoma. Mdogo wetu wa mwisho, aliye mwembamba kuliko mimi na aliyefanana na baba hadi mwendo, ana miaka 36. Ujumbe wangu ameusoma, tiki mbili za bluu zipo pale tangu mwezi wa pili. Jumamosi nampitia nyumbani kwake asubuhi kabla hajanywa chai.